Kisima cha Meno Mazima

Haki ya Mungu, haya ninayoyaandika ni kweli tupu, kweli iliyooga ikajipaka mafuta. Najua wanaonifahamu mtaani wameshaanza kucheka, maana huko naitwa Mzee Chumvi, na jina hilo sikupewa kwa sababu ya mapishi. Basi leo naweka ahadi mbele yenu: likipatikana humu neno moja la uongo, nitafua mapazia yote ya nyumba hii kwa mikono yangu miwili, na yale mazito ya sebuleni yakiwemo. Mke wangu amesikia. Amevuta kiti, amevaa miwani, amekaa nyuma yangu ananisoma begani.

Kabla sijastaafu nilikuwa tarishi. Nilipeleka barua na mafaili kutoka ofisi hii hadi ile mpaka viatu vikawa vinajua njia kuliko mimi. Darasani sikukaa sana. Kusoma nilijifunza huko huko barabarani, kwa kusoma anwani za watu, na ndiyo maana hadi leo nikishika kitabu natafuta kwanza muhuri uko wapi.

Sasa, mtoto wa dada yangu alipata kazi kwenye ukumbi mkubwa wa mikutano, ule wenye mlango wa vioo visafi mpaka ndege wanajigonga. Alikuwa bado kwenye majaribio. Meneja wake, bwana mmoja wa tai fupi na maneno marefu, alimwambia bila kumung'unya: "Kongamano la madaktari wa meno likienda vizuri, una kazi. Likiharibika, una likizo ya maisha."

Akaja kwangu amebeba makaratasi kifuani kama mtu anayehama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekunjamana kama shati la mseja?"

"Nimebanwa, mjomba. Nina viti, nina vipaza sauti, nina wageni wasiokula hiki na wasiokaa karibu na yule. Nisaidie kuandika mwongozo wa wageni. Wakitua uwanja wa ndege wafanyeje, walale wapi, ukumbi uko wapi, na mwishoni vitu vya kuona mjini. Wewe mji huu umeutembea mpaka soli zimekwisha."

"Hapo umefika kwa mwenyewe."

"Ila chumvi usitie." Akaninyooshea kidole, mtoto niliyembeba mgongoni.

"Hata chembe!"

"Na la pili. Kuna kampuni inaleta kiti kipya cha kung'olea meno. Wanataka kukionyesha jukwaani mbele ya madaktari wote, kwa hiyo wanahitaji mtu wa hapa hapa, mwenye jino bovu la kweli, akae kwenye hicho kiti. Bure kabisa. Mjomba, nimezunguka mji mzima. Nikitaja jino, watu wanafumba midomo kama wamegundishwa. Meneja kila akiniona ananiuliza: kinywa kiko wapi? Nisipompatia kinywa, ndiyo basi tena." Akanitazama. "Mbona umeshika shavu?"

"Nafikiri."

"Unafikiri kwa shavu?"

"Sisi wa zamani ndivyo tulivyo."

Mke wangu akapaza sauti kutoka jikoni: "Muulize kwa nini siku hizi anatafuna upande mmoja kama anaficha peremende!"

"Mwanangu, usimsikilize mke wangu," nikasema. "Ukoo wetu haujui jino bovu. Babu yangu alizikwa na meno yote, na mawili ya ziada."

Ukweli, na nimeapa kusema ukweli, ni kwamba nyuma kabisa, kushoto, nilikuwa na gego moja lililogeuka mpangaji mkorofi. Mchana linasinzia, nikikaa tu niongee na watu linaanza kupiga ukuta. Nililiwekea karafuu, nikalisukutulia maji ya chumvi, nikalibembeleza, nikalitukana. Kwa daktari siendi. Mimi ni mtu ambaye nikipita karibu na zahanati navuka barabara. Na huyu mtoto ananiambia kwamba madaktari wa meno wanakuja ukumbi mzima, na koleo zao, na kiti!

Nikachukua kalamu hivyo hivyo.

Kurasa mbili za kwanza niliziandika kwa adabu. Niliwaambia wageni wakitoka uwanja wa ndege wasipande teksi ya mtu anayewanyang'anya mabegi kwa upendo mwingi, wapande ya yule aliyelala usukani, kwa kuwa huyo hana haraka ya kuwazungusha. Niliwaambia hoteli ya karibu na ukumbi ina lifti, lakini lifti hiyo inapenda watu, ikikupata haikuachii, bora ngazi. Niliwaambia ukumbini wachukue sweta, kile kipooza hewa hakina katikati, kimezimwa au kinagandisha. Yote kweli. Mpwa wangu alizisoma mbili hizo, akacheka, akanibusu utosini. Ya tatu alikuwa hajaifikia simu yake ikalia, akazikunja zote akakimbia nazo kwa mpiga chapa.

Ya tatu ndiyo ilikuwa na vitu vya kuona.

Jamani, mji wetu tunaupenda, lakini wa kuona una nini? Una mnara wa saa iliyosimama. Una daraja ambalo chini yake mto ulishahama. Una kiwanda cha magodoro. Niliyaandika hayo matatu, nikayatazama, nikaona haya. Mtu apande ndege aje kuona godoro? Na wakati huo huo gego likanipiga teke moja mpaka nikaona nyota kwenye dari. Nikajisemea, hawa madaktari wakija hapa watachungulia watu midomoni mpaka wanifikie. Afadhali niwaambie mapema kwamba huku hamna kazi.

Kalamu ikaondoka yenyewe. Ikaandika hivi:

"Lakini fahari ya mji huu ni Kisima cha Meno Mazima. Anayekunywa maji yake haumwi jino hadi kufa, na ndiyo sababu wenyeji hawana habari na koleo. Mlinzi wa kisima ni mzee anayefungua chupa kwa meno na kunyoosha misumari kwa magego. Daktari yeyote atakayekuta jino bovu kinywani mwa mlinzi huyo, ana ruhusa ya kuling'oa papo hapo bila kuuliza."

Mnaona? Nilijifunga kamba shingoni kwa mkono wangu mwenyewe, na fundo nikalipamba.

Ila mimi si mjinga. Nilijua mgeni akisoma vile atataka kwenda, basi nikaandika njia ya kwenda mahali pasipofikika. Nikaandika: "Shukeni Posta ya Zamani. Fuateni Ukuta wa Bluu hadi Kwa Fundi Saa. Hapo kateni kushoto mpaka Taa Mbili, mpite Geti Jekundu, mwisho wa uchochoro mkono wa kulia." Posta hiyo ilishahama, pale sasa panauzwa matairi. Ukuta wa bluu ulibomolewa. Fundi saa alikwenda kuishi kwa mwanawe na saa za watu. Taa zote mbili zilikwishagongwa na malori, na lile geti liliibwa mchana kweupe. Nikasema moyoni, mgeni wa kufuata vitu visivyokuwapo hajazaliwa.

Nikalala usingizi wa mtoto, upande wa kulia.

Kongamano likaanza. Siku ya kwanza, kimya. Nikajua nimepona. Siku ya pili baada ya chakula cha mchana nimekaa barazani, nina karafuu kwenye gego, kanga ya mke wangu nimejifunga kuanzia kidevuni hadi utosini, shavu limevimba utadhani nimemeza ndimu ikakataa kushuka. Simu ikaita.

"Mjomba!" Nyuma yake nilisikia vyombo vikigongana na watu wakicheka. "Mjomba, kisima kiko wapi?"

"Kisima gani?"

"Usinifanyie hivyo! Daktari Mkuu, mama mwenyewe aliyeitisha kongamano, amesimama na mwongozo mkononi amesema hataki kuona magodoro, anataka kisima. Wamepanda basi, basi zima, wameondoka! Meneja ananitafuta. Jina langu ndilo liko chini ya mwongozo, mjomba, siyo lako!"

"Tulia, mwanangu. Hawafiki."

"Hawafiki vipi?"

Nikamweleza ujanja wangu, taratibu, kwa kujisifu kidogo: posta iliyohama, ukuta uliobomolewa, fundi aliyeondoka, taa zilizogongwa, geti lililoibwa. "Watazunguka, watachoka, watarudi kunywa chai. Watasema tu mji una njia ngumu."

Upande wa pili nikasikia akifunga mlango, makelele ya vyombo yakakatika.

"Mjomba," akasema, polepole sana. "Sisi huku tunaelekezana vipi?"

"Kivipi?"

"Mtu akikuuliza njia, unamwambiaje?"

"Namwambia ashuke Posta ya Zamani," nikasema, na hapo hapo nikajisikia. Maana katika mji wetu hakuna anayesema duka la matairi. Ukisema duka la matairi watu watakuuliza, lipi, lile la Posta ya Zamani? Watoto waliozaliwa ukuta umeshageuka kifusi wanakutana Ukuta wa Bluu. Makondakta wanaita "Taa Mbili, wa Taa Mbili!" na watu wanashuka gizani bila kuuliza. Nilikuwa nimewaandikia wageni maelekezo bora kuliko yote yaliyopata kuandikwa mjini. Mtu yeyote watakayemsomea atawaonyesha kwa kidole.

"Na mwisho wa uchochoro, mkono wa kulia," mpwa wangu akaendelea, "baada ya Geti Jekundu, mjomba... ni kwa nani pale?"

Nikageuka nikaitazama nyumba. Nikaitazama njia. Kumbe kalamu ilikuwa imefuata miguu. Njia niliyoibuni kichwani ni ile niliyoipita kila jioni nikitoka kazini na mfuko wangu wa barua mtupu. Nilikuwa nimewaelekeza nyumbani kwangu.

Kabla sijakata simu nikasikia honi.

Basi liliingia uchochoroni likikwangua kuta kila upande, na mlangoni ananing'inia fundi viatu, jirani yangu, mtu ambaye sijawahi kumshinda kwenye bao. "Ndiyo hapa!" anapiga kelele. "Wamenisomea karatasi nikawaambia hakuna haja ya kumaliza, hiyo njia ni ya kwa Mzee Chumvi! Mzee, una wageni! Kumbe una kisima, umekuwa unatunyima?"

Wakashuka. Mabwana na mabibi wenye beji shingoni na mifuko ya kongamano begani, wakajaa ua mzima. Mke wangu alikuwa nyuma anafua. Nilimsikia akisema, "Karibuni, karibuni," kisha, kwa sauti nyingine kabisa, "Wee, wee! Rudisha hicho kikombe! Hayo maji ya pipa ni ya kudekia!"

Mmoja alikuwa ameshakunywa. Akasema yana ladha ya madini.

Mbele yangu akasimama mama mmoja mfupi, mpole, viganja vikubwa kama vya kipa. Huyo ndiye Daktari Mkuu.

"Shikamoo mzee."

"Ahaba," nikasema. Kanga ilinizuia kumaliza.

"Wewe ndiye mlinzi wa kisima?"

"Mlinzi amesafiri."

"Amesafiri kwenda wapi?" Fundi viatu huyo, mshenzi, ameshajipenyeza mstari wa mbele. "Kwenye bao si huwa unaniambia wewe ndiye unayekunywa misumari?"

"Kunyoosha," nikamsahihisha. Mdomo wangu haujapata kunisaidia hata siku moja.

Hapo pikipiki ikafika, dereva mbele, Meneja katikati na tai yake begani, mpwa wangu nyuma kabisa amemng'ang'ania. Meneja akashuka, akaangalia pipa, akaangalia beseni la nguo, akaangalia shavu langu.

"Binti," akasema, "hiki ndicho kisima?"

Mpwa wangu akashika beji yake shingoni.

"Wageni wangu nimewatoa ng'ambo wakanywe maji ya kudekia? Kinywa cha kiti hukunipatia, maonyesho ni leo saa kumi, kampuni inanisumbua. Na sasa hili. Ukirudi ukumbini chukua vitu vyako."

"Meneja, subiri," nikasema. "Yeye hajui chochote. Ukurasa huo ni wangu."

"Jina lililoandikwa pale ni lake."

Nikaona nijaribu mara moja tena, kama mtu anayepiga teke mlango wakati nyumba inaungua. Nikavuta pumzi. "Waheshimiwa, mmechelewa kidogo tu. Kisima kimekauka leo asubuhi. Nimelia sana, ndiyo maana shavu limevimba."

Madaktari wakatazamana. Mmoja akaandika. Daktari Mkuu wala hakubabaika. Alifungua mwongozo, akaweka kidole kwenye mstari.

"Mzee, kisima kikauke, kisikauke, mimi sikuja kwa maji. Kila kongamano ninalokwenda napewa mwongozo, nausoma nasinzia. Huu niliusoma mara mbili, nikasema mwandishi huyu lazima nimchungulie kinywani. Hapa umeandika: ana ruhusa ya kuling'oa papo hapo bila kuuliza. Mimi nina adabu, nitauliza. Naomba ufungue."

Jamani, nyuma yangu kuna ukuta mfupi, na ng'ambo yake ni njia ya kwenda sokoni. Nimeshauruka ukuta ule mara nyingi tu, nikikimbia wageni wa mke wangu. Mguu mmoja ulikuwa umeshaanza safari. Basi nikamwona mtoto wa dada yangu. Alikuwa anajaribu kuvua beji yake, kamba imenasa kwenye hereni, haivuki. Hakuwa ananitazama. Hakunilaumu. Angenilaumu ningeruka.

Mguu ukarudi. Nikafungua kanga. Nikageuza ndoo, nikaikalia, nikapanua mdomo mbele ya kongamano zima.

Daktari Mkuu akachungulia kwa tochi ya simu. Akaisogeza tochi karibu zaidi. Kisha akasema, kwa upole ule ule, "Jamani, hebu njooni mwone."

Ua ukalipuka kama goli limeingia. Walipanga foleni. Wazee wenye mvi walisukumana kama watoto kwenye bomba la maji. "Mimi sijaona hivi tangu nasoma!" "Angalia mzizi ule!" "Hebu sogea, ulishaona!" Profesa mmoja aliniomba ruhusa ya kupiga picha, mwingine akaomba lile gego awe nalo yeye, wakaanza kuzozana nani apewe. Katika maisha yangu yote ya kusimulia sijapata kusikilizwa vile, na nilikuwa sisemi kitu.

Mpwa wangu ndiye aliyeinua kichwa kwanza. Beji bado inaning'inia sikioni.

"Meneja," akasema. "Saa kumi haijafika. Kinywa hiki hapa."

Meneja akatazama saa. Akatazama madaktari wakipigania nafasi ya kuchungulia. Tai akairudisha mbele, akainyoosha, akasema kwa sauti ya mtu aliyepanga mambo toka mwanzo, "Waheshimiwa, basini tafadhali. Tunaendelea na ratiba."

Nilipelekwa ukumbini kwa basi lao, nimekaa kiti cha mbele, fundi viatu ananishika mkono eti ananiliwaza huku mabega yanamtikisika. Nikapandishwa jukwaani, nikalazwa kwenye kiti kile kipya kinachopanda na kushuka. Kinywa changu kikaonyeshwa kwenye kioo kikubwa ukutani, gego likawa kubwa kama ofisi niliyokuwa nikipeleka barua. Daktari Mkuu akanichoma sindano, akasubiri ganzi, akaingiza koleo, akavuta. Kukawa na mlio kama mlango wa zamani. Akaliinua juu, watu wakasimama wote wakapiga makofi. Mimi wakati wote huo nilitulia tuli, kama maji mtungini. Sikutoa hata sauti.

"Hukutoa nini?"

Huyo ni mke wangu, nyuma ya bega.

"Sauti."

"Nilikuwa mstari wa pili, mume wangu."

"Nilikohoa."

"Ulikohoa 'mama nakufa'? Kabla ya sindano? Alipowasha taa tu? Mpaka watu wa kipaza sauti wakakimbilia kukizima? Andika."

Haya, naandika. Nilipiga yowe. Lilifika mpaka nje kwenye ngazi, na mlinzi wa mlangoni alipiga filimbi. Nilimshika mpwa wangu mkono nikaukamua mpaka pete ikamwachia alama, na yeye akanishika hivyo hivyo hadi mwisho, akisema "Karibu mjomba, karibu, bado kidogo," wakati bado sana. Kazi alipata. Mwongozo wa kongamano lijalo, la wahandisi wa mabomba ya maji, ameuandika peke yake, na mimi amenipa kurasa za teksi tu.

Mke wangu ameshashusha mapazia, ameyarundika kwenye beseni, ya sebuleni yako juu. Maji yametoka kwenye pipa lile lile. Anayenionea huruma aje anisaidie kukamua. Kupotea hawezi: ashuke Posta ya Zamani, afuate Ukuta wa Bluu hadi Kwa Fundi Saa.